Betri za Sola Zilizokufa: Tuzipeleke Wapi?

Ndugu msomaji, hebu inuka kidogo uangalie uvunguni mwa kitanda. Angalia na nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku. Huenda ipo betri ya sola iliyokufa. Iliwasha taa na redio kwa miaka miwili au mitatu. Sasa haiwashi kitu. Umeiweka hapo kwa sababu uliinunua kwa fedha nyingi, na roho inakataa kuitupa.

Hukukosea kutoitupa. Lakini hapo ilipo si mahali pake. Leo tutazungumza juu ya betri hizo, na jinsi kijiji kinavyoweza kupanga kuzikusanya.

Kwanza tuelewane. Tunazungumzia zile betri nzito ambazo watu huziita betri za gari au betri za maji. Betri za tochi na za simu tutazigusa mwishoni.

NDANI YA BETRI KUNA NINI?

Ndani ya sanduku la plastiki mna vipande vya madini yanayoitwa risasi. Vipande hivyo vimelowa katika tindikali, yaani maji makali. Hata betri iliyofungwa kabisa, ambayo haiongezwi maji, ina tindikali ndani yake. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Ndiyo maana betri ndogo kwa macho huwa nzito mkononi.

Tindikali tunaiogopa kwa sababu inaunguza papo hapo. Ikidondokea nguo, nguo hutoboka. Ikiingia jichoni, inaweza kupofusha. Risasi haifanyi hivyo. Haiunguzi wala hainuki. Mtu huishika leo, kesho na keshokutwa, asione lolote. Hapo ndipo penye hatari.

Vumbi la risasi huingia mwilini kwa kinywa na kwa pua. Mtoto anayetambaa hushika udongo, kisha hutia vidole mdomoni. Na tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya tumbo la mtu mzima. Ikiisha kuingia, huharibu ubongo. Mtoto huwa mzito kushika masomo. Ikiwa nyingi, mtoto huumwa tumbo, hufunga choo na hupungukiwa damu. Huweza kupata degedege, kupoteza fahamu, hata kufa. Mama mjamzito naye hupitisha risasi kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Dalili hizi tumezoea kuzipa majina mengine. Degedege tunasema ni malaria. Kupungukiwa damu tunasema ni minyoo. Mara nyingi ni kweli. Lakini kama nyumbani kwako au kwa jirani huvunjwa betri, mwambie mganga wa zahanati unapompeleka mtoto. Usipomwambia, hawezi kujua. Risasi huonekana kwa kupima damu, na kipimo hicho kwa kawaida kinahitaji hospitali kubwa. Dawa ya kupunguza risasi mwilini ipo, lakini ubongo uliokwisha kuharibika haurudi kama zamani.

YALIYOTOKEA KWA WENZETU

Huko Senegal kuna mahali panapoitwa Thiaroye-sur-Mer, karibu na mji wa Dakar. Kwa miaka mingi watu wa hapo walivunja betri za magari. Mchanga ukajaa risasi. Baadaye wakatokea wanunuzi waliotaka hata mchanga wenyewe. Basi wananchi wakauchimba na kuuchekecha, wengine majumbani mwao, huku watoto wakicheza kando. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Sababu ilithibitika baada ya kupimwa damu za ndugu zao na mama zao.

Tuje karibu zaidi. Mjini Mombasa, Kenya, kuna mtaa unaoitwa Owino Uhuru. Mwaka 2007 kilianza hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Moshi uliingia majumbani. Mama mmoja, Phyllis Omido, alifanya kazi katika kiwanda hicho. Mwanawe mchanga akaugua. Ilidhaniwa ni maradhi ya kawaida, lakini damu ilipopimwa ilikutwa na risasi. Mama huyo akaanza kudai haki pamoja na wakazi wenzake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikakatiwa rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaurejesha uamuzi huo.

Sasa tufikiri pamoja. Kiwanda kile kilikuwa kikizifanya betri kuukuu kuwa mali tena. Kwa jina ni kazi njema. Basi kukusanya betri peke yake si usafi. Kama hatujui zinakokwenda, tunaiondoa sumu kwetu na kuipeleka kwa mtoto wa mwenzetu.

Wala hatari haiko kwenye viwanda tu. Risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327. Jiko la mkaa likipulizwa vizuri hufika hapo. Ndiyo maana wapo mafundi wanaopasua betri kwa shoka, wakamwaga tindikali chini, wakayeyusha risasi katika sufuria kuukuu. Hutengeneza vizito vya nyavu za kuvulia samaki. Mafundi hao si watu wabaya. Wanatafuta riziki, na watoto wao ndio wa kwanza kuumia, kwa sababu baba hurudi nyumbani na vumbi kwenye nguo.

KIJIJI KIANZIE WAPI?

Wengi wetu tukisikia neno "mpango" tunakimbilia kutafuta chumba na kufuli. Safari hii tuanzie mwisho. Swali la kwanza katika mkutano wa kijiji liwe hili: Nani atazichukua betri hizi, na atazipeleka wapi?

Hapa Tanzania betri hizi ni taka za hatari. Anayezikusanya na kuzisafirisha kwa biashara anatakiwa awe na kibali. Chombo kinachosimamia jambo hilo ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Mtendaji wa Kijiji amwandikie barua afisa mazingira wa halmashauri, aulize ni nani mwenye kibali katika sehemu zetu. Mnunuzi akija, aonyeshe karatasi yake. Nasi siku hizi tunajua kusoma. Tusome jina, tusome tarehe ya mwisho, tusome kazi aliyoruhusiwa kufanya. Kisha tumwulize: Zinayeyushwa katika kiwanda gani? Asiyeweza kujibu, tusimpe.

Swali la pili ni hesabu. Tuchukue mfano. Kijiji kina nyumba 120 zenye betri ya sola. Kila betri hudumu miaka mitatu. 120 gawanya kwa 3 ni 40. Basi kila mwaka betri 40 zitakufa. Kama kila moja ina kilo 20, hizo ni kilo 800, na zaidi ya kilo 400 ni risasi tupu. Kijiji kikijua hesabu hiyo, kinaweza kumwita mnunuzi aje mara moja kwa mwaka na gari lake. Hakuna atakayefunga safari ndefu kwa ajili ya betri mbili.

Swali la tatu ni gumu zaidi, nalo ni fedha. Huyu hapa kijana wa vyuma chakavu, amekuja na baiskeli na mizani. Analipa leo. Kijiji kikisema, "Leteni betri bure kwa ajili ya afya," wachache wataleta. Nasema kweli, hata mimi ningesita, maana ada ya shule haingoji.

Kwa hiyo mwenye betri asinyang'anywe mali yake. Ipimwe mbele yake. Apewe stakabadhi yenye jina, tarehe na kilo. Siku mnunuzi atakapolipa, kila mtu alipwe kulingana na kilo zake, na bei ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kama kuna gharama inayokatwa, nayo iandikwe. Mipango mingi vijijini haifi kwa kukosa faida. Hufa kwa sababu watu hawakuonyeshwa hesabu. Kama kijiji kina chama cha kuweka na kukopa, mwenye shida aweze kukopa kwa kuonyesha stakabadhi hiyo.

Lingine ni maji ya betri. Wapo wanunuzi wanaosema, "Mwaga kwanza maji, ndipo nipime." Wanataka mzigo mwepesi, na sumu ibaki shambani kwako. Tindikali hiyo haimwagiki peke yake. Imebeba risasi. Kijiji kikatae. Betri iliyo nzima, yenye maji yake, ilipwe bei kamili. Iliyotobolewa ipokewe pia, lakini kwa bei ndogo, ili watu waache kutoboa.

Tena unapokwenda mjini kununua betri mpya, muulize mwenye duka: "Nikikuachia hii kuukuu, utanipunguzia kiasi gani?" Nchini Marekani desturi hiyo imeenea sana, na karibu betri zote za magari hurudi viwandani. Wakiuliza wateja wengi, mwenye duka naye atatafuta njia.

CHUMBA CHA KUTUNZIA

Chumba kiwe na paa lisilovuja, sakafu ya saruji na mlango wa kufungwa. Kiwe mbali na kisima, shule na ghala la mahindi. Kipitishe hewa. Moto na sigara visiingie humo.

Betri zisimame wima, vichwa juu, kama zilivyokuwa zikitumika. Zipangwe juu ya mbao. Zikipangwa tabaka mbili, wekeni mbao katikati. Iliyopasuka iwekwe ndani ya beseni au ndoo ya plastiki, si ya bati, kwa kuwa tindikali hula bati. Vichwa vyake viwili visiguswe na waya wala chuma, maana betri iliyokufa bado inaweza kutoa cheche.

Anayepokea avae glavu za mpira. Akimaliza, anawe kwa sabuni kabla ya kula, na nguo zake za kazi zifuliwe peke yake. Watoto na wajawazito wasitumwe kubeba betri. Najua ni desturi yetu kumwambia mtoto, "Peleka hii kwa mwenyekiti." Hii asipeleke.

Tindikali ikimwagikia mwili, osha mara moja kwa maji mengi safi kwa muda wa dakika 20. Kama ni jicho, fanya hivyo hivyo, kisha nenda zahanati bila kuchelewa. Ikimwagika sakafuni, nyunyiza magadi. Utaona povu likichemka. Ongeza magadi mpaka povu liishe. Kisha zoa uchafu ule kwa glavu, utie katika ndoo yenye mfuniko, na ndoo hiyo iondoke pamoja na betri. Usiumwage shimoni, kwa sababu una risasi.

NA BETRI NDOGO JE?

Betri za tochi na redio hazina risasi nyingi kama hizi, lakini si kitu cha kuchezea. Watoto huzing'ata ili wazirudishie nguvu. Wakubwa huzitupa chooni au motoni. Motoni zinaweza kupasuka. Mahali pengine unga wake mweusi umetumika kupaka ubao wa shule. Vumbi la unga huo ni baya likivutwa kwa muda mrefu. Wekeni debe moja dukani na moja shuleni, zikusanywe humo, kisha afisa mazingira aulizwe pa kuzipeleka.

Betri za simu zilizovimba zisitobolewe, maana hulipuka moto. Na vile vibetri vidogo kama vifungo vya shati, vinavyokuwa ndani ya saa na vidude vya kuchezea, vifichwe kabisa. Mtoto akimeza kimoja, kinaweza kuunguza koo lake vibaya ndani ya saa mbili. Usingoje kitoke chenyewe. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Mkutano wa kijiji ukiwa bado haujafika, betri ya uvunguni haihitaji kungoja. Itoe leo chumbani wanamolala watoto. Iweke wima mahali pakavu penye kufungwa, juu ya ubao, mbali na chakula. Futa pale ilipokuwa kwa tambara lililolowa, usifagie, ili vumbi lisiruke. Kisha nawa mikono kwa sabuni, ndipo ushike ugali.