SIKU TATU MBUGANI: RAHA YA MWENYE NCHI

Ndugu msomaji, neno safari ni letu. Wageni walilichukua, wakalipeleka kwao, kisha wakalirudisha likiwa limevaa kofia ya kahawia na kuning'iniza darubini shingoni, nasi tukadhani si letu tena. Ukimwuliza askari au karani wa nchi hii amekwenda mbugani mara ngapi, aghalabu atakujibu kuwa alipita barabarani akiwa kazini. Ukimwuliza kama aliwahi kulala huko na mkewe na watoto, kwa raha zake, atacheka.

Mimi pia nilikuwa miongoni mwa wanaocheka, mpaka mwaka jana, mdogo wangu aliporudi kutoka Somalia. Yeye ni askari, na alikuwa mbali na watu wake zaidi ya mwaka mmoja. Siku aliyofika nyumbani, mwanawe wa mwisho alijificha nyuma ya mama yake, akauliza, "Huyu afande ni nani?" Mdogo wangu alitabasamu mbele ya watu, lakini usiku aliniambia, "Kaka, kiwanja nitanunua na mabati nitanunua. Lakini sehemu ndogo ya fedha hii nataka nikae na watoto wangu mahali ambapo hapana mtu wa kunipigia saluti."

Mama yetu, ambaye alikuwa amekuja mjini kumpokea mwanawe, alilikataa jambo hilo waziwazi. Nyumbani kwetu ni wilaya ya Nwoya, jirani na mbuga. Alisema, "Tembo alikula mihogo yangu. Leo mnataka kunilipia kiingilio nikamwone alivyoshiba?" Maneno hayo yalikuwa na haki ndani yake, wala hatukuwa na jibu. Hata hivyo tulipanga, na yafuatayo ndiyo tuliyojifunza.

CHAGUA MBUGA MOJA TU

Kosa la kwanza la mtu mwenye siku chache ni kutaka kuona kila kitu. Siku tatu zinatosha mbuga moja, wala hazitoshi mbili. Sisi tulichagua Mbuga ya Taifa ya Murchison Falls, iliyo kubwa kuliko mbuga zote za Uganda, ikiwa na eneo linalokaribia kilomita za mraba 3,900. Ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1952. Mto Nile huikata katikati ukielekea Ziwa Albert, na mahali pamoja maji yote hubanwa katika mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha huanguka zaidi ya mita 40. Mwingereza Samuel Baker aliyaona maporomoko hayo mwaka 1864, akayapa jina la mkuu wa chama cha wanajiografia cha kwao. Wakati wa utawala wa Idi Amin yaliitwa Kabalega, kwa heshima ya mfalme wa Bunyoro, na wazee wengine bado huyaita hivyo.

Kando ya maporomoko hayo yako mengine yaitwayo Uhuru. Hayo yalifunguka kwa mafuriko makubwa ya mwaka 1962, mwaka uleule nchi ilipojitawala. Mtoto wa shule asiyependa somo la historia hatasahau mwaka huo akiisha kuyaona.

CHAGUA MAJIRA

Miezi mikavu zaidi upande huo ni Desemba, Januari na Februari. Majani huwa mafupi, vijito hukauka, na wanyama husogea mtoni. Katika miezi ya mvua nchi huwa ya kijani na hoteli nyingine hupunguza bei, lakini simba hujificha katika majani marefu na udongo mweusi hunasa magari. Mtumishi na aombe likizo yake mapema, ashike barua mkononi, ndipo alipe amana ya hoteli. Wako waliolipa kwanza, wakaitwa kazini siku ya kuondoka.

FEDHA NA HESABU YAKE

Neno anasa lisikutishe. Starehe ya safari fupi haimo katika wingi wa vitu, imo katika kutokuwa na haraka: kulala pazuri, kula chakula kilichopikwa na mwingine, na kukaa garini penye nafasi ya kila mtu dirishani. Sisi tulikuwa watu 6, wakubwa 4 na watoto 2. Tulijiwekea akiba miezi 8, kila mmoja kwa uwezo wake, katika daftari moja lenye mistari kama la shule. Mwisho wa yote tuliona kuwa karibu nusu ya fedha ilikwenda katika malazi, robo katika gari na mafuta, na robo iliyobaki katika viingilio, mashua, mwelekezi na dharura.

Zingatieni mambo matatu. Kwanza, ulizeni bei ya mwananchi. Hoteli moja, ambayo sitaitaja, ilitutajia bei kwa dola za Marekani kama watu waliotoka ng'ambo. Mdogo wangu aliposema kwa upole kuwa yeye ni mzaliwa wa nchi hii na anacho kitambulisho, bei ilishuka sana na ikageuka kuwa shilingi. Kiingilio cha mbuga nacho ni nafuu mno kwa raia wa Afrika Mashariki kuliko kwa mgeni. Basi kila mtu mzima na achukue kitambulisho chake cha taifa.

Pili, ulizeni bei hiyo inahesabu nini. Je, ni kitanda tu, au ni kitanda na milo mitatu? Vinywaji vimo? Watoto hulipa nusu? Andikeni majibu.

Tatu, kiingilio cha mbuga huhesabiwa kwa saa 24 tangu kupita langoni. Hapa hesabu ya darasa la nne huokoa fedha. Sisi tuliingia Ijumaa saa 9 alasiri, tukalipia siku mbili, na muda wetu ukaisha Jumapili saa 9 alasiri. Tungaliingia Ijumaa saa 4 asubuhi na kutoka Jumapili adhuhuri, tungalilipia siku ya tatu kwa ajili ya saa mbili tu. Msitegemee pia kulipa kwa noti langoni. Ulizeni kabla jinsi ya kulipa kwa simu au benki.

NJIA NA VAZI

Kutoka Kampala tuliondoka saa 12 asubuhi kwa gari la kukodi lenye paa la kufunguka. Njiani tulisimama Ziwa, wilayani Nakasongola, penye hifadhi ya vifaru. Kifaru wa mwisho wa porini alitoweka Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu ya vita na ujangili. Mwaka 2005 wengine waliletwa kutoka Kenya, na mwaka 2009 alizaliwa ndama wa kwanza. Huwaona kwa miguu, ukiongozwa na askari wa hifadhi. Watoto wetu walitembea kimya namna ambayo mwalimu hajapata kuiona darasani.

Tulikula chakula cha mchana Masindi, tukaingia mbugani kwa lango la kusini. Siku hizi barabara ni ya lami, iliyojengwa kwa ajili ya kazi za mafuta ya petroli, na penye kivuko cha zamani cha Paraa lipo daraja. Lami hiyo isimdanganye dereva. Mwendo ndani ya mbuga hauzidi kilomita 40 kwa saa, na nyani huvuka bila kutazama kulia wala kushoto.

Katika mavazi, epukeni rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi, kwa maana huwavuta mbung'o, na mwiba wao ni mkali. Chukueni mikono mirefu kwa jioni, chandarua kama hoteli haina, na dawa za kinga ya malaria kwa shauri la daktari. Tena, jamaa za askari, nawasihi: msimvike kijana suruali ya madoadoa ya jeshi kwa kuwa "ni safari ya porini". Sheria hairuhusu raia kuvaa hivyo. Naye askari aliye likizoni aache kazi nyumbani. Kulinda huko kuna wenyewe.

TULIYOYAONA

Jioni ya kwanza tulisimama juu ya maporomoko. Mwamba hutetemeka chini ya miguu, na nyunyu za maji hulowesha uso. Mtoto yule wa mwisho aliogopa kishindo, akatafuta mkono wa kushika. Mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa baba yake. Mdogo wangu hakusema neno, ila hakusogea hapo mpaka giza lilipokaribia.

Siku ya pili ndiyo kiini cha safari. Tuliondoka hotelini saa 12 na nusu asubuhi, maana simba na chui hutembea kungali na ubaridi. Tulikuwa na mwelekezi, kijana askari wa wanyamapori, ambaye hulipiwa ada yake na anastahili kila senti. Tuliona twiga makundi kwa makundi, nyati, kongoni, ngiri, na swala aitwaye kob, yule aliye katika nembo ya taifa letu. Alasiri, saa 8, tulipanda mashua kuelekea chini ya maporomoko, safari ya saa tatu hivi kwenda na kurudi, kati ya viboko wasiohesabika na mamba waliolala kinywa wazi.

Lakini nirudi asubuhi ile. Karibu na mto tulikuta tembo zaidi ya ishirini, majike na ndama wao. Gari likazimwa. Mama alikuwa hajasema neno tangu chai. Kijana yule mwelekezi, aliyekwisha kumsikia akinong'ona, alimgeukia akamwamkia kwa Kiacholi, akamwuliza anatoka kijiji gani. Mama akajibu. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliye barazani kwa hakimu, "Katika hawa, ni nani aliyekuja shambani kwangu?"

Sisi tulicheka. Kijana hakucheka. Alisema, "Mama, huenda si hawa. Wanaovamia mashamba aghalabu ni madume, tena wakati mazao yanapoiva." Akamwonyesha dume moja lililosimama peke yake, mbali, masikio yakipepea. Mama alilitazama muda mrefu, akasema, "Basi mwambieni nimemwona."

Baada ya hapo walizungumza kama mama na mwana. Kijana alimweleza kuwa sehemu ya 20 katika kila 100 ya viingilio vya mbuga hupaswa kurudi kwa jamii zinazopakana nayo, na kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka utaratibu wa fidia kwa mtu aliyeumizwa na mnyama au kuharibiwa mali. Alimshauri atoe taarifa upesi kwa mwenyekiti wa kijiji na kituo cha askari wa wanyamapori kilicho karibu, wakati nyayo zingali mbichi. Alimsimulia pia habari za mizinga ya nyuki inayotundikwa kwenye ua wa shamba, kwani tembo huwaogopa nyuki, na pilipili inayochomwa upande upepo utokako. Mama aliomba daftari langu la hesabu, akaniamuru niandike yote.

Naye alitusimulia jambo tusilolijua. Alisema kuwa babu zake walikaa ndani ya nchi ile ile tuliyokuwa tukiilipia kiingilio. Kumbukumbu zinathibitisha kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulipoua watu wengi, serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi, na nchi yao baadaye ikawa ya wanyama. Basi mama hakuwa mgeni pale. Kati yetu sote yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji.

NENO LA MWISHO

Jumapili tulitoka kwa lango la Tangi, upande wa kaskazini, karibu na Pakwach, tukampeleka mama kwake. Kabla ya kuingia nyumbani alikwenda kwanza shambani, akazunguka mpaka wote akihesabu miti inayofaa kutundikwa mizinga. Mdogo wangu alimfuata nyuma, mwanawe akiwa mabegani, akimwuliza maswali juu ya simba. Hakumwita afande tena.

Ndugu msomaji, sisemi uuze bati la nyumba uende mbugani. Paa la nyumba ni kwanza, na karo ya shule haingoji. Lakini akiba ya mwaka mmoja ikiwezekana, usione ni ubadhirifu kuwapa watu wako siku tatu bila saluti wala foleni. Watoto wetu huambiwa kila siku wailinde nchi, nayo hulindwa vizuri zaidi na mtu aliyekwisha kuiona. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure. Nasi hatukurudi bure.