Mita tano kwenye kiwanja si kidogo

Swali ni lilelile kila wiki: "Mpima, nimepima kiwanja changu kwa simu, jirani analalamika kuwa nimemwingilia. Hata kama simu imekosea, si ni mita nne au tano tu?" Nalijibu hapa kwa maandishi, ili anayekusudia kuniuliza kesho asome kwanza.

Kutoka Manyoni hadi Singida mjini ni kama kilomita 119. Ukikosea mita 5 katika umbali huo, kosa halifiki sehemu moja kati ya elfu ishirini, na hakuna dereva wala mhandisi atakayehangaika nalo. Kwenye ramani za serikali za 1:50,000, ambamo sentimita moja ni nusu kilomita, mita 5 ni sehemu ya kumi ya milimita. Mstari wa barabara peke yake ni mnene kuliko hapo. Sasa zichukue mita 5 hizohizo uzipeleke Mandewa, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20. Ni robo ya ubavu. Mpaka ukisogea ndani kiasi hicho, mita za mraba 400 zinabaki 300, na shimo la choo ulilokwisha kulilipia limo kwa jirani.

Kinachowapoteza watu ni kuamini kwamba ukikuza picha kwenye simu, kipimo nacho kinakuwa sahihi zaidi. "Nimekuza mpaka naona bati la nyumba yangu," wananiambia. Umekuza picha, na kosa limekua pamoja nayo. Picha ile ya setelaiti inaweza kuwa imekaa mita kadhaa pembeni ya mahali halisi, kwa hiyo ukuta unaouona kwenye kioo si lazima uwe pale uliposimama ukuta wako. Halafu itazame vizuri nukta ya buluu inayoonyesha ulipo. Imezungukwa na duara hafifu. Kwa duara hilo simu inakiri kwamba uko mahali fulani humo ndani, haijui hasa ni wapi. Penye uwazi, simu nzuri hukosea mita kama 5. Ukisimama kando ya majabali makubwa ya Singida mjini, au ukijibanza ukutani, mawimbi ya setelaiti yanagonga na kudunda kabla ya kuifikia simu, na kosa linapanda. Jaribu mwenyewe: iweke simu juu ya bikoni, ile alama ya mpaka, andika namba inazokupa, rudi baada ya saa moja uandike tena. Namba zitakuwa zimehama. Bikoni iko palepale.

Kosa hilo halipungui kwa sababu unapima kitu kidogo. Simu inakosea kiasi kilekile uwe unazunguka kijiji kizima cha Ikungi au uzio wa nyumba yako. Ndiyo maana simu ninayoikataa kiwanjani naikubali shambani. Shamba la alizeti la ekari 10 lina ubavu wa karibu mita 200. Humo mita 5 ni sehemu moja ya arobaini, na kwa kukadiria mbegu au kumlipa mwenye trekta inatosha kabisa. Inashinda hata zile hatua 70 kwa 70 tunazouziana mashamba. Hesabu ya hatua 70 inakubali tu kama kila hatua ni yadi moja, yaani sentimita 91. Anayepiga hatua ya sentimita 75 anakukatia mita za mraba 2,756, wakati ekari ni 4,047. Hatua imepungua chini ya moja ya tano, ardhi imepungua karibu theluthi, kwa kuwa upungufu umeingia kwenye urefu na kwenye upana pia.

Ufanye nini basi? Kama eneo limepimwa, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaone ramani ya upimaji. Kila bikoni ina namba yake humo. Bikoni ikipotea usiikisie wala usiisogeze, maana kuichezea ni kosa kisheria. Mpima aliyesajiliwa atairudisha kwa vipokezi viwili vya setelaiti, kimoja kikiwa juu ya alama inayojulikana, na kosa litashuka hadi sentimita chache. Gharama gawaneni majirani. Kama eneo halijapimwa, tafuta tepu ya mita 50, majirani wote wawepo, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, mwandike na kusaini. Kwa kiwanja cha 20 kwa 20, pimeni pia kona hadi kona ya mkabala, mara mbili: kila kipimo kisome mita 28.28. Vikitofautiana, kiwanja kimelala upande hata kama pande zote nne ni sawa. Pandeni minyaa mpakani siku hiyohiyo.

Wewe uliyepima kwa simu na msingi haujachimbwa, hujachelewa. Mwite jirani mpime upya kabla fundi hajaanza kazi.