TABORA: Mti wa pwani na hesabu ya kuni za tumbaku

Mwenye duka Ng'ambo, mjini Tabora, hana bani la tumbaku. Lakini mkulima asipokuwa na fedha, duka lake hulala. Kwa hiyo hesabu ya kuni inamhusu.

Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa joto linalopita ndani ya bani kwa mabomba, usiku na mchana, karibu wiki nzima. Kuni zake zimetoka kwa miaka mingi kwenye misitu ya miyombo, ile ile inayowalisha nyuki wa Tabora. Wakulima wengi hawaiandiki gharama hiyo, maana mti wa porini huonekana wa bure. Msitu ukisogea mbali, kukodi trekta kunaanza kula faida.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tumbi, nje kidogo ya mji, walishirikiana na kituo cha ICRAF cha Nairobi kujaribu miti inayokua upesi. Mmoja ni mgunga uitwao Acacia crassicarpa. Kwao ni Queensland, Australia, na Papua New Guinea, ambako huota hata nyuma ya matuta ya mchanga ya ufukweni. Umezoea mchanga usio na rutuba, na mizizi yake hujipatia naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria. Udongo wa kichanga wa Tabora haukuusumbua.

Mkulima hulima mahindi kati ya miche miaka ya mwanzo, kisha huiachia miti. Mwaka wa 5 hukata kuni na kulima tena kati ya visiki. Uchambuzi uliochapishwa 2002 kuhusu wilaya ya Tabora ulionyesha faida kuliko mahindi na kupumzisha ardhi. Kikwazo ni kungoja: miaka 5 ni mirefu kwa anayekopa pembejeo kila msimu. Tena kisiki chake hakichipui vizuri, hivyo miche hununuliwa upya. Wenye bustani za miche hawatalalamika.

Lakini kuna la Afrika Kusini. Karne ya 19 migunga ya Australia ilipandwa karibu na Cape Town kuzuia mchanga wa matuta ya pwani. Mbegu zilisambaa, mimea ya asili ikasongwa, na tangu 1995 serikali imelipa watu kuing'oa. Kwa hiyo Tabora mti huu ni wa kupanda kwenye shamba lililochoka, mbali na hifadhi. Anayeanza leo na nusu ekari atakata kuni baada ya miaka 5. Hadi hapo miyombo ndiyo inayolipa.