Leteni Mbegu, Chungu na Ngoma

Msomaji, jiulize neno hili: nyumbani kwako ni nani ajuaye kupika mrenda hata watoto wakaomba kuongezwa? Na ni nani aliye na mbegu za saga alizopewa na mama yake? Katika nyumba nyingi jibu ni moja: ni nyanya peke yake. Siku atakapoondoka, mbegu na upishi vitaondoka pamoja naye. Dawa yake iko, na haina gharama kubwa. Ni mkutano wa kijiji.

Mboga zilizodharauliwa

Kwa miaka mingi mboga zetu za kienyeji zilionekana kuwa chakula cha maskini. Kabichi na sukuma wiki zilipoenea, watu wengi waling'oa mnavu na saga kama magugu. Lakini wataalamu waliozipima wameona kwamba mnavu, saga, mchicha na kunde zina madini ya chuma, chokaa na vitamini A kuliko kabichi. Mmoja wao ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, aliyetunukiwa na Umoja wa Afrika mwaka 2010.

Mwaka 2007 ilianza kazi ya kuandika vyakula vya asili vya Kenya, hasa mboga. Wataalamu walishirikiana na viongozi wa wananchi, wakaandika mimea ya asili ipatayo 850 pamoja na majina yake katika lugha za wenyeji. Baadaye Makavazi ya Taifa yalishirikiana na UNESCO na kuwaingiza watoto wa shule za msingi katika kazi hiyo, miongoni mwa Waisukha wa Kakamega na Wapokot. Mwaka 2021 UNESCO iliitia kazi hiyo ya Kenya katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi utamaduni.

Ngoma na chungu vina ugonjwa mmoja

Hao Waisukha, pamoja na jirani zao Waidakho, wana ngoma iitwayo isukuti. Hupigwa kwa ngoma tatu, yaani baba, mama na mtoto, nayo huchezwa katika arusi, matanga na sherehe nyingine. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hii katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu mafundi wake wengi ni wazee na vijana wa kuwarithi ni wachache.

Tazama basi, msomaji. Ugonjwa wa ngoma ndio ugonjwa wa chungu. Wenye ujuzi wamezeeka, na vijana hawajakaa karibu nao. Kijana haji kusikiliza hotuba juu ya mboga, lakini ngoma ikilia atakuja. Akija, mpeni kazi ya kufanya.

Fanyeni hivi

1. Chagueni siku baada ya mavuno, mbegu zikiwa zimekauka. Zungumzeni na chifu, chama cha akina mama na mwalimu mkuu. Mwalikeni afisa wa kilimo.

2. Kila nyumba ilete mbegu kidogo ndani ya kibuyu au chupa safi. Wanafunzi waandike katika daftari jina la mboga kwa lugha ya nyumbani, wakati wa kuipanda, jinsi ya kuipika, na jina la aliyeileta. Daftari likae shuleni.

3. Akina nyanya wapike mbele ya watu, na vijana wawe mikono yao. Kijana achuje mwenyewe maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo Waluhya huyatia katika mrenda ili ulainike. Ajifunze kipimo kwa kuonja, maana yakizidi yanaharibu ladha. Saga ni chungu. Basi ajifunze kuichemsha, kumwaga maji ya kwanza, na kuitia maziwa. Halafu wote waonje.

4. Chungu kikiwa motoni, wazee wawafundishe vijana kupiga ngoma. Kila kikundi kitunge wimbo mpya juu ya mboga moja: jinsi ipandwavyo, ichumwavyo na ipikwavyo. Wimbo mzuri hukaa kichwani kuliko karatasi.

5. Mwisho, gaweni mbegu. Mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya sheria vilivyomzuia mkulima kuhifadhi na kubadilishana mbegu zake vilikuwa kinyume cha Katiba.

Mbegu ya kuleta mkutanoni

Usilete mbegu mbovu, maana utamvunja moyo jirani yako. Mbegu njema huanza shambani. Tia alama miche michache yenye afya na majani mengi, wala usiichume majani hata itoe mbegu.

Mnavu: chuma matunda yaliyoiva kabisa, yaponde ndani ya maji, osha mpaka mbegu zizame safi, kisha zianike kivulini.

Saga: kata maganda yanapogeuka manjano, kabla hayajapasuka. Mbegu mpya haioti vizuri. Iweke miezi mitatu au zaidi kabla ya kupanda.

Mchicha: kata vichwa vilivyokauka, pukuchua, pepeta.

Kunde: chuma maganda makavu, changanya mbegu na majivu makavu yaliyopoa, ili bungo wasiziharibu.

Weka mbegu zote mahali pakavu, mbali na jua na moshi wa jiko, na uandike mwaka juu ya chombo.

Usingojee mgeni kutoka mjini aje kuanzisha jambo hili. Wenye ujuzi mnao kijijini, na kila mwaka wanapungua. Wiki hii nenda kwa mama mmoja mzee, umwulize ana mbegu gani na huzipikaje. Mwombe konzi moja. Ipande karibu na nyumba, na msimu ujao uje mkutanoni ukiwa na mbegu za kumpa mwenzako.