Pensheni ya wazee na mtaji wa sokoni

Mzee asiye na kipato Magomeni hulishwa na wanawe. Anayeuza Kariakoo humega mtaji anunue unga na dawa za mzazi, na meza yake hupungua bidhaa. Bara, NSSF na PSSSF hulipa waliochangia. Wachuuzi na mama lishe wengi hawamo. Zanzibar, tangu Aprili 2016, hulipa wakaazi waliotimiza miaka 70 hata kama hawakuchangia, ikianzia Sh. 20,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haiondoi umaskini wa nyumba nzima. Lakini huja kila mwezi: mwenye duka aweza kukopesha sukari akijua atalipwa, na mtaji wa kijana ukabaki sokoni. Mfanyabiashara wa Bara aliyejiajiri aweza kuchangia NSSF mwenyewe. Asipoanza mapema, mzigo utamwangukia mwanawe.