Mafuta ya Ini na Njia ya Kukikwepa Kisukari

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, tezi iliyo nyuma ya mfuko wa chakula, nayo huziwezesha seli za misuli kupokea sukari kutoka kwenye damu na huliamuru ini liache kumwaga sukari yake wakati mtu amekwisha kula. Mtu anapokula kwa miaka mingi zaidi ya anavyotumia, mafuta yanayokosa nafasi chini ya ngozi hujipenyeza ndani ya ini na misuli, na viungo hivyo huwa vizito kuiitikia homoni hiyo. Hali hii ndiyo iitwayo usugu wa insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na kwa kuwa hulimudu jukumu hilo kwa muda mrefu, mwenye hali hiyo hajisikii mgonjwa hata kidogo, na hapo ndipo ilipo hatari yenyewe: kongosho likishindwa hatimaye, sukari hupanda katika damu, na hicho ndicho kisukari cha aina ya pili.

Kwamba kupunguza kalori, yaani nishati iliyomo katika chakula, huweza kuugeuza mwendo huo, kulidhihirika katika utafiti wa Profesa Roy Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 11 wa kisukari cha aina ya pili walikula takriban kalori 600 kwa siku kwa muda wa wiki 8, na katika wiki ya kwanza tu sukari yao ya asubuhi, kabla ya kula, ilishuka hadi kiwango cha kawaida, kwa sababu mafuta ya ini ndiyo hutangulia kupungua na ini likaanza tena kuitii insulini. Kongosho lilirejea taratibu zaidi.

Aliye katika hatari tu hahitaji ukali huo, wala haifai aujaribu bila usimamizi wa daktari. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, uliohusisha watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari, ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, kwa kula kwa kiasi na kufanya mazoezi kama ya kutembea haraka kwa dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, ilhali vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, viliupunguza kwa asilimia 31. Kwa mlaji wa Afrika Mashariki, kalori za kuanza nazo ni zile zisizoonekana haraka: mafuta ya kukaangia chapati, soda, na vijiko vya sukari katika kila kikombe cha chai.

Anayetumia tayari dawa za kushusha sukari, hasa sindano za insulini, amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa maana dozi ileile juu ya mlo mdogo huweza kuishusha sukari hadi mtu akazirai.