Homa Iliyonifuata Kutoka Mabawa

Arobaini ya mjomba ilitukusanya Mabawa, Tanga, mwezi Desemba, na nikakaa wiki tatu. Usiku tulikuwa tukijazana barazani mpaka saa sita, miguu wazi, hadithi haziishi. Kitanda nilichopewa kilikuwa na chandarua kizuri tu, lakini kwa sababu ya joto nikakikunja na kukitupia juu. Shangazi aliniuliza mara mbili mbona silali ndani ya chandarua. Nikamjibu kwamba mbu wa Mabawa wananijua tangu utotoni. Jibu hilo ndilo lililonikalisha niandike makala haya.

Siku ya kumi na moja baada ya kurudi England, nikiwa ndani ya basi naelekea kazini, baridi ikaniingia kwenye mifupa. Baridi ya Januari ya huku naijua, na hii haikuwa yenyewe. Meno yaligongana mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama niko salama. Jioni mwili ukawa moto, jasho likaloanisha shuka, asubuhi nikaamka kama nimepona. Nikapiga simu kituo cha daktari wa mtaani kwangu, nikasema nina homa, kichwa kinagonga, viungo vyote vimelegea. Nikaulizwa kama nakohoa. Nikasema kidogo. Nikaambiwa mafua yamezagaa, ninywe maji mengi na paracetamol, nipumzike. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi, na mimi sikusema. Zikapita siku tatu.

Aliyenizindua ni shangazi, huko huko Mabawa. Alisikia sauti yangu kwenye WhatsApp akauliza neno moja: "Umepima?"

Mtu wa Tanga akiwa na homa, hilo ndilo swali la kwanza. Anakwenda kituo cha afya Makorora au Ngamiani, anatobolewa kidole, anakaa kwenye benchi robo saa, majibu yanatoka. Mimi niliyeishi ughaibuni miaka kumi na minne nilikuwa nimelisahau kabisa. Usiku ule nikapelekwa hospitali, kitengo cha dharura, na pale mapokezi nikasema kile nilichotakiwa kusema tangu siku ya kwanza: nimetoka Tanzania wiki mbili zilizopita. Muuguzi akaacha kuandika, akainua uso. Damu ikachukuliwa palepale. Kabla ya alfajiri daktari akarudi na jibu: malaria, ile aina ya falciparum, iliyo ya kawaida kwetu na iliyo hatari kuliko zote.

Vidonge vilipoletwa vilikuwa vya manjano. Nikavitazama nikavitambua. Ni ile ile dawa mseto, ALu, ambayo Tanzania imeifanya dawa ya kwanza ya malaria tangu 2006, ila huku inauzwa kwa jina jingine. Nikavinywa kwa maziwa kama anavyotufundisha kila muuguzi wa nyumbani, maana dawa hii hufyonzwa vizuri ikiwa tumboni kuna mafuta.

Nimesimulia hayo kwa urefu kwa sababu si yangu peke yangu. Mwaka 2023 wagonjwa 2,004 walithibitishwa kuwa na malaria England, Wales na Ireland Kaskazini, wote wakiwa wameitoa safarini; mwaka uliotangulia walikuwa 1,369. Mtu angedhani hao ni watalii waliokwenda kutazama wanyama. Wengi wao ni sisi: wenye asili ya Afrika, tuliokwenda kusalimia wazee, kuzika, kuoa, kuonyesha watoto kwa bibi yao. Mtalii hununua vidonge vya kinga na hulala hotelini kwenye kiyoyozi. Sisi tunalala kwa shangazi, na tunaamini damu yetu ina kinga.

Kinga hiyo ipo, lakini si ile tunayoifikiria. Aliyekulia Tanga ameumwa na mbu maelfu ya mara, na mwili wake umejifunza kupambana na vimelea hivyo bila kuvimaliza. Ndiyo maana mtu mzima wa Mabawa anaweza kuwa navyo na bado akaendesha baiskeli yake kwenda sokoni. Somo hilo mwili hulishika kwa kurudiwarudiwa. Ukihama, ukakaa miaka pasipo na mbu wa malaria, linafutika kidogo kidogo, na unarudi nyumbani karibu sawa na mgeni. Watoto wetu waliozaliwa Leicester au Reading hawana somo hilo hata chembe. Mjamzito hatari yake ni kubwa zaidi. Mtoto mwenye selimundu vivyo hivyo, na huku watoto wote hupimwa selimundu kwa tone la damu la kisigino wakiwa na siku tano hivi, kwa hiyo mzazi anajua. Akijua asikate tiketi kabla hajazungumza na daktari wa mtoto.

Halafu tazameni kalenda. Shule za huku hufungwa mwishoni mwa Julai, sisi tunashuka Tanga kwa makundi wakati madimbwi ya masika bado yana kazi yake. Desemba tunarudi tena, vuli imetoka kunyesha.

Wengine wananiuliza kuhusu chanjo. Ni kweli chanjo ya malaria ipo, na mkoa wetu una sehemu yake katika historia hiyo: Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyojaribu chanjo ya RTS,S, pamoja na Bagamoyo, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Lakini imependekezwa kwa watoto wanaoishi kwenye malaria. Msafiri hapewi. Msafiri ana vidonge vya kinga, na hivyo vinanunuliwa, kwa sababu mfumo wa afya wa hapa haulipii dawa ya kujikinga na malaria. Nenda duka la dawa au kliniki ya wasafiri wiki nne hivi kabla ya safari, waulize bei ya kila aina, maana zinapishana sana. Aina moja unaanza siku moja au mbili kabla ya kuondoka na unaendelea siku saba baada ya kurudi. Doxycycline, ambayo kwa kawaida ni nafuu, unaendelea wiki nne baada ya kurudi. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Ndege ikitua Heathrow tunaona kazi imekwisha, vidonge vinabaki kwenye begi, na kumbe vimelea viko kwenye ini vinasubiri kuingia kwenye damu. Kwa familia ya watu watano gharama inauma, sikatai. Mpunguze zawadi, mnunue vidonge. Na chandarua mkilalie, hata kama joto halivumiliki.

Sasa tuseme umerudi na homa imekupata. Tatizo la kwanza ni neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu "homa" ni joto la mwili, ni malaria, na ni mafua makali, na anayesikiliza nyumbani anajua wewe umekusudia lipi. Ukilihamisha kwenda Kiingereza linabaki joto la mwili tu, na mwezi wa Januari joto la mwili kwa daktari wa hapa ni mafua. Huwezi kumlaumu sana, anaona wagonjwa wa mafua kutwa. Kwa hiyo usianze na homa. Anza na nchi na tarehe: nimerudi kutoka Tanzania tarehe fulani. Ndipo useme unaumwa. Hata kama umerudi miezi mingi iliyopita, sema. Falciparum kwa kawaida hujitokeza ndani ya miezi mitatu, lakini madaktari wa hapa wameelekezwa kuifikiria malaria kwa mwenye homa hadi mwaka mzima baada ya safari. Na malaria hii haina subira: bila dawa inaweza kumgeuka mtu ndani ya saa ishirini na nne. Damu ikipimwa mara moja ikatoka safi, usifunge virago. Hupimwa tena na tena, mara tatu kwa kawaida, ndipo malaria iondolewe kwenye hesabu.

Maneno mengine yana shida kuliko homa. Nilimsindikiza Bi Mkubwa mmoja wa kwetu kwa daktari, akapewa mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Akaanza vizuri, kisha akasema: "Mwanangu, ni chango, linanivuta hapa chini." Simu ikanyamaza. Mkalimani, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, akauliza kwa adabu chango ni nini. Bi Mkubwa akanitazama, akatazama chini. Lilikuwa jambo la kike, mkalimani alikuwa mwanamume, na mimi ni kijana wake. Akasema basi, tumbo tu. Tukatoka na dawa ya tumbo.

Mkalimani hulipiwa na huduma ya afya, wewe hulipi hata senti, na unayo haki ya kuomba mwanamke na kuomba anayesema Kiswahili cha Tanzania. Omba unapoweka miadi, usingoje siku yenyewe. Na ukishafika, liache jina la ugonjwa, uonyeshe kwa mkono: panauma hapa, tangu Jumatatu, maumivu yanazidi usiku, yanashuka mguuni. Chango, kichomi, mshipa, kila moja kwetu ni ugonjwa kamili, kwao haupo kwenye kitabu. Lakini mkono juu ya mahali panapouma unaeleweka dunia nzima. Ninaloomba sana ni mtoto wa miaka kumi na moja asifanywe mkalimani wa tumbo la mama yake.

Kuhusu wapi pa kwenda, nitasema kwa kifupi maana wengi mnajua. Jiandikishe kwa daktari wa familia, GP, wiki ile ile unayofika, ukiwa mzima. Ni bure, na hulazimiki kuonyesha viza wala bili ya umeme, hata kama mapokezi watakuambia vinginevyo. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote matatu kwa mpangilio ule ule, maana nimeona mtu mmoja ana mafaili mawili. Kwa jambo la haraka lisilo la kufa na kupona, piga 111. Kwa kifua kubana, kupooza upande, damu isiyokatika, mtu kupoteza fahamu, piga 999.

Hofu ya pesa ndiyo inayowalaza watu ndani. Aliyepata viza ya zaidi ya miezi sita kwa kawaida alikwishalipa ada ya afya pamoja na maombi: pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, pauni 776 kwa wanafunzi na watoto. Wenye viza ya wafanyakazi wa afya na matunzo wamesamehewa. Pesa imekwishalipwa, ndugu zangu, mnaogopa nini? Kinachobaki kulipia hasa ni dawa za kuandikiwa, pauni 9.90 kwa kila aina huku England. Wales, Scotland na Ireland Kaskazini hazilipiwi.

Mwenye hatari ya kweli ni mama anayekuja kutusalimia kwa viza ya matembezi. Yeye hakulipa ada hiyo. GP atamwona bure, kitengo cha dharura kitamwona bure, lakini akilazwa kwa moyo au kwa kisukari, familia italetewa bili ya asilimia 150 ya gharama ya kawaida, na deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa linaweza kumnyima viza inayofuata. Mkatieni bima kabla hajapanda ndege. Bima iwe inataja presha yake na sukari yake, kwa sababu bima iliyofichwa ukweli hailipi. Ila malaria, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi vimo kwenye orodha ya maradhi ambayo England humpima na kumtibu mgeni yeyote bila malipo, ilimradi hakusafiri kuja kutibiwa. Mama akitoka Mabawa na malaria, asifichwe chumbani kwa kuogopa bili.

Na asitibiwe kimyakimya kutoka kwenye begi. Wengi tunarudi na mseto tulioununua duka la dawa, wengine na majani ya mwarobaini. Ninajua kwa nini: ni rahisi, na tunaamini. Lakini nusu dozi inavipunguza vimelea bila kuvimaliza, kipimo kinaweza kutoka safi ilhali mtu ni mgonjwa, na mafua yakitibiwa kama malaria ugonjwa wenyewe unaachwa unakua. Kama umekwishameza dawa hizo, mwambie daktari, na umwonyeshe na pakiti. Mwarobaini nao utaje. Hakuna atakayekugombeza. Soma dua, na ukapime.

Shangazi bado ananiuliza kila nikipiga simu kama nimelala kwenye chandarua, ingawa huku hakuna mbu wa malaria. Namwambia nimelala. Julai ninarudi Mabawa na watoto wawili. Vidonge nimeshaviagiza, na kwenye jokofu tumebandika karatasi yenye tarehe ya kurudi na jina la nchi, ili yeyote atakayepiga simu kwa niaba yetu asome hapo kwanza.

Namba ni 111. Inapokea usiku na mchana bila malipo, na ukisema neno moja tu, "Swahili", utatafutiwa mkalimani.